Madam na Saa Iliyobaki Kigali

Madam alivaa saa mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia, na alichelewa kila mahali. Naanza hapo kwa sababu mtu yeyote aliyesoma shule yetu ya Malaba, ile iliyopakana na foleni ya malori, ukimtajia Madam atacheka kwanza ndipo aseme neno. Walimu wa kike wote waliitwa madam, lakini ukisema Madam tu, bila kuongeza kitu, hakuna aliyekuuliza yupi. Alikozaliwa sikujui na sijawahi kuuliza. Mimi namjua tangu siku ile alipoingia darasani kwetu nusu ya kipindi ikiwa imekwisha, akatutazama kama vile sisi ndio tuliochelewa, akasema tufungue vitabu.

Na niseme mapema, usije ukadhani namsifu mwalimu kwa sababu ndivyo watu hufanya wakizeeka. Mimi ni dereva wa lori. Kama si yeye, leo ningekuwa nachoma mahindi kando ya barabara nikiwatazama wenzangu wakipita. Nilisingiziwa wizi wa dizeli, nikanyang'anywa ufunguo, na jina langu likaanza kusafiri kwenye foleni kuliko nilivyowahi kusafiri mimi. Nitafika huko. Kwanza umjue mwenyewe.

Kuhusu kuchelewa, sikuzidishi. Padri wake alimwambia wakati fulani kwamba misa itaanza nusu saa mapema, apate kufika na wenzake. Madam akagundua ujanja huo, akaongeza nusu saa yake mwenyewe. Sherehe ya kumuaga alipostaafu tulimngojea mpaka viti vikaanza kukunjwa na wapishi wakaanza kufunika sufuria. Akatokea getini amebeba kuku aliyepewa njiani. Watu wazima, wengine wenye vitambi na vyeo, wakakunjua viti wakakaa tena, na hotuba zikaanza upya kana kwamba hatukuwa tumeshazisikia.

Alichelewa kwa sababu hakuweza kumpita mtu. Akikuta mama anabishana na mwenye bodaboda kuhusu muda aliongojwa, Madam alisimama akaamua kesi. Akikuta dereva amekaa kwenye kivuli cha trela lake, alimuuliza ametoka wapi, saa ngapi, na huko alikotoka sasa hivi ni saa ngapi. Dereva alidhani ni mazungumzo. Kumbe ni mtihani.

Saa ya mkono wa kushoto aliiita ya nyumbani, na haikuguswa kamwe. Ya kulia ilikuwa ya ugenini, na kila asubuhi aliisogeza kulingana na somo. Leo Kigali, kesho Goma, siku nyingine Dubai, maana wasichana wengi wa kwetu walikuwa wanaenda kufanya kazi huko na mama zao walitaka kujua wawapigie simu wakati gani. Sisi tulicheka sana. Mtu ana saa mikono yote miwili na bado kengele inampita. Siku moja kijana mmoja wa nyuma alimuuliza kama akinunua ya tatu atawahi. Madam hakukasirika. Alisema, "Ya tatu nitakununulia wewe, ikufundishe kunyamaza," kisha akaendelea na hesabu.

Somo lake kubwa lilikuwa kujua mtu au mzigo umetumia muda gani njiani wakati saa za alikotoka hazilingani na za alikofika. Kitabu kilikuwa na ukurasa mmoja tu juu ya jambo hilo, tena kilitaja miji ambayo hakuna aliyeijua. Madam alikifunga. Alichora mstari wa chaki sakafuni, kutoka ubaoni hadi ukuta wa nyuma, akasema huo ni mpaka ambapo saa hubadilika. Upande wa madirisha ni Kigali, upande wa mlango ni Malaba. Juu ya mstari aliweka mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vizibo vya soda.

Kila kizibo kilikuwa saa moja. Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa yoyote ya Kigali ikitaka kuja nyumbani lazima isimame mstarini na kuokota kizibo. Mwanafunzi aliyekuwa Kigali alitembea kutoka dirishani akitaja saa aliyoondoka, akaokota kizibo chake, akavuka akitaja saa mpya. Hapo ndipo ulipoweza kutoa. Ukitoa kabla ya kizibo, alikurudisha dirishani mbele ya darasa zima.

"Walete nyumbani kwanza," alisema. "Huwezi kutoa watu kama mmoja bado yuko nje."

Huo ndio uliokuwa wimbo wake. Mimi nilikuwa Malaba kila mara, kwa sababu dawati letu lilikuwa karibu na mlango. Kigali alikuwa kijana mmoja mrefu wa upande wa madirisha, mwenye haraka, ambaye alikuwa anaruka mstari bila kuokota chochote, anafika kwangu mikono mitupu na jibu lenye saa moja zaidi. Darasa linapiga kelele, "Kizibo." Naye anarudi akitabasamu. Alirudi mara nyingi hata Madam akaacha kumwita jina lake, akawa anamwita Kigali wangu. Mkumbuke huyo.

Kuna siku alitutoa nje tukapange mstari kwenye foleni ya malori, kila wawili na dereva wao. Tuliwauliza maswali yake. Mmoja aliyetoka Goma alitujibu kwamba hajui saa, anajua tu ameshaoga mara mbili tangu aondoke. Madam akasema hiyo nayo ni saa, ila ni ya mtu mchafu, na yule dereva akacheka mpaka akashuka kutoka kwenye lori kuja kumsalimu vizuri. Madereva walimpenda. Walimletea mikungu ya ndizi kutoka Mbarara, naye, ambaye alikataa sukari, alikataa kitenge, alikataa hata mwavuli siku ya mvua akisema mwalimu hapokei kitu kwa wageni, ndizi alizipokea kwa mikono miwili. Tulipomuuliza alisema ndizi si zawadi, ni tunda.

Alikuwa na mambo kama hayo. Alitufundisha saa za miji kumi na kitu, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka zaidi ya Tororo, alikokwenda kununua vitambaa, na Tororo saa ni ile ile yetu. Lori hakupanda kamwe. Alisema kitu kirefu namna ile hakina haja ya kutembea. Na hakuvumilia mtu kurudia hesabu. Ukimaliza umemaliza, weka kalamu chini. "Hesabu hupigwa mara moja," alikuwa anasema. "Ukianza kurudiarudia, hutafuti jibu tena. Unatafuta jibu lako." Nilimwona akimnyang'anya kalamu msichana aliyekuwa amepata, kwa kosa la kuangalia mara ya pili. Ilinikera wakati huo na inanikera hadi leo.

Jibu likiwa sawa, alikuchorea tiki kwa chaki kwenye kiganja. Wenzangu walikwenda nyumbani mikono imekunjwa ngumi ili tiki isifutike. Mimi katika somo lile sikupata hata moja. Malaba hakuwa na kazi, alisimama tu akingoja Kigali aje.

Sasa tufike kwenye dizeli.

Nilikuwa nimeendesha miaka kadhaa kwa mzee mmoja wa hapa Malaba mwenye malori manne na yadi nyuma ya reli. Malori yote yalikwenda Kampala na kurudi. Kisha mzee akapata mzigo wa kupeleka Kigali, akanipa mimi njia hiyo, peke yangu, nikafurahi kama bwana harusi. Meneja wake alikuwa ni nani? Yule yule kijana mrefu wa madirishani. Amevaa shati la kufungwa vifungo mpaka juu sasa, ana ofisi yenye feni, na haraka yake hajaiacha. Hatukuwa na ugomvi. Tukikutana aliniita Malaba, nami nikamwita boss.

Utaratibu ulikuwa hivi. Nikiondoka, na nikifika Kigali, natuma ujumbe wa simu kusema ni saa ngapi. Nikiingia getini, askari anampigia meneja. Malori hayakuwa na kile kidude cha kufuatilia, kwa hiyo huo ndio ulikuwa mlinzi pekee. Mzee, aliyeendesha njia hiyo ujanani, alisema safari ni saa ishirini na sita, kulala na foleni za mpaka zikiwemo. Na kila mtu katika kazi hii anajua kwamba dereva akizidisha saa moja bila sababu, hiyo saa ameipitisha mahali ambapo mpira unaingizwa kwenye tangi na dizeli inanyonywa.

Safari ya tatu meneja aliniita. Nilikuwa nimetuma ujumbe kwamba naondoka Kigali saa moja asubuhi, na nimeingia getini kesho yake saa nne asubuhi.

"Malaba, hapa kuna masaa ishirini na saba," akasema. "Hiyo moja ulikuwa wapi?"

"Barabarani, boss."

"Safari zote tatu, kurudi, moja imezidi. Halafu kwenda unatumia ishirini na tano. Yaani kwenda unakimbiza gari la mzee, kurudi unasimama mahali."

Wewe unayesoma umeshaona. Mimi sikuona. Kila dereva anajua Kigali wako nyuma kwa saa moja, ukiniuliza kwenye chai ningekuambia. Lakini simu yangu ilijibadilisha yenyewe kule na ikajibadilisha yenyewe nilipovuka kurudi, kimya kimya, nami nikasoma kilichoandikwa. Badala ya kupiga hesabu nilipandwa na hasira. Niliapa kwa mama yangu. Niliapa kwa watoto wangu. Nilimwambia meneja maneno ambayo hayarudiwi, na mwizi ndivyo anavyofanya hasa, kuapa na kufoka. Akaninyang'anya ufunguo. Mzee akasema nije Jumamosi saa tatu asubuhi, aamue mbele ya madereva wote.

Siku zile nilizingoja vibaya. Pale kwetu ukifukuzwa kwa dizeli, hakuna yadi ya Malaba wala ya Busia itakayokupa hata wilibaro. Mtu niliyekuwa nakula naye kwenye foleni alinisalimu huku akiangalia pembeni. Mke wangu alianza kuniuliza nilikuwa wapi hata nikitoka chooni.

Ijumaa nilikwenda na mke wangu sokoni Busia, nibebe magunia angalau. Nani anainama kwenye ndengu akichambua moja moja? Madam. Alikuwa ameshastaafu, anaishi Namboboto, analima mihogo na wimbi. Mgongo umeinama kidogo, saa zote mbili ziko mahali pake.

"Leo ni siku ya kazi," akasema bila kunisalimu. "Uko hapa kwa nini?"

Nikamweleza, na nilipofika kwenye kuapa kwa mama yangu akanyoosha mkono.

"Sijakuulizia mama. Ulitoka saa ngapi, ukafika saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na ni simu iliyokuambia?"

"Ndiyo, Madam."

Alinitazama kama mtu anayetazama shati alilolifua mwenyewe na bado lina doa. Nilidhani atasema anajua mimi si mwizi. Nililitaka neno hilo kuliko chakula. Hakulisema. Alilipia ndengu zake akauliza, "Kesho saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitakuja."

Nikaenda nyumbani nimekufa moyo, kwa maana nilijua anavyokuja.

Saa tatu ya Jumamosi madereva walikuwa wamejaa yadini, wengine wamekaa juu ya matairi. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki. Meneja akasoma safari zangu moja moja, kwa utulivu, wala sikuona chuki usoni mwake, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa anaamini. Mzee akaniuliza kama nina la kusema. Nikaapa tena, nikasikia mtu nyuma akiguna. Saa tatu na nusu. Saa nne kasoro. Mzee akashika magoti yake kama mtu anayetaka kusimama na kumaliza mambo.

Bodaboda ikaingia getini.

Madam alishuka taratibu, akamlipa kijana, akamwambia kofia yake ya chuma imepasuka anunue nyingine, akawasalimu madereva mmoja mmoja kwa mikono huku sisi tumesimama. Alikuwa na mfuko wa soko. Alipofika mbele ya mzee alisema tu kwamba yeye ni mwalimu wa hawa wawili, anaomba dakika chache. Kisha akachukua mwavuli wake akachora mstari mrefu kwenye vumbi, kutoka gurudumu la lori langu mpaka ukutani.

Nilijua ule mstari.

"Wewe simama hapa," akaniambia. "Malaba. Na wewe, Kigali wangu, nenda ukutani."

"Madam, hii ni kazi ya ofisi," meneja akasema kwa heshima.

"Najua. Nenda ukutani."

Mzee akacheka, akamwambia nenda. Mtu mzima yule, na shati lake la vifungo, akaenda akasimama ukutani. Madam akatoa mkebe mfukoni. Ule ule wa maziwa ya unga, picha ya ng'ombe imeshafutika. Akauweka juu ya mstari.

"Unaondoka Kigali saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Njoo nyumbani."

Akaja kwa hatua zake ndefu, haraka ile ile, mguu mmoja ukawa umeshauvuka mkebe. Hapo akasimama. Akabaki hivyo, mguu mmoja Kigali na mmoja Malaba, akitazama chini. Madereva hawakuelewa. Mimi nilielewa, na niliona shingo yake ikilegea ndani ya ile kola. Akarudisha mguu. Akainama, akatia mkono mkebeni, akatoka na kizibo cha soda.

"Saa mbili," akasema polepole. "Ya hapa ilikuwa saa mbili."

"Na alifika?"

"Saa nne. Kesho yake." Akahesabu kwa midomo. "Ishirini na sita." Kisha akageuka akaniangalia. "Na kwenda pia. Kule alifika kwa saa yao, mimi nikaitoa hivyo hivyo. Ishirini na tano nayo ni ishirini na sita."

Mzee alisimama. Alisema yeye enzi zake hakuwa na simu, alikuwa na saa ya mkono, na tangu atoke Malaba mpaka arudi hakuigusa. Ndiyo maana hesabu yake haikuwahi kukataa. "Kumbe huyu kijana ni wa masaa yangu kamili," akasema. "Kwenda na kurudi. Hata mimi sikuwa kamili hivyo."

Dereva mmoja akapanda kwenye lori lake akapiga honi. Wa pili akapiga. Ndani ya dakika yadi nzima ilikuwa inalia, na malori ya kwenye foleni, ambayo hayakujua hata ni habari gani, yakajibu. Meneja alikuja akaniwekea ufunguo mkononi, akaushikilia pale na mkono wangu pamoja. Alisema, "Malaba, nisamehe. Niliruka tena." Nililia mbele ya watu wazima na sikujali. Kile kizibo kipo mezani kwake hadi leo, juu ya karatasi zake, na safari yoyote ya Kigali anakigusa kwanza kabla ya kuandika.

Lakini sikiliza kilichonikera. Kabla ya kuondoka Madam alitoa chaki mfukoni, akakishika kiganja cha meneja, akamchorea tiki. "Umechelewa," akamwambia, "lakini umefika." Yeye, kumwambia mtu amechelewa. Nikasafishwa mimi, tiki akapewa yule aliyenichafua.

Nililibeba hilo zaidi ya mwaka. Mwezi uliopita nilishusha trela Busia, nikawa na kichwa cha lori tu na mchana mzima wa kungoja, nikaamua kwenda Namboboto. Nilimbebea mkungu wa ndizi za Mbarara. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. Alizipokea ndizi kwa mikono miwili. Akaniuliza kuhusu mke, watoto, Kigali wake, barabara. Nikamweleza yote, kisha nikashindwa kujizuia.

"Madam, ile siku tiki ulimpa yeye."

"Yeye ndiye aliyepiga hesabu. Wewe ulipiga kiapo."

Nikachukua kisu cha pili nikaanza kumsaidia mihogo. Baadaye nikamuuliza kitu kilichokuwa kinaniwasha kuliko tiki, kwa nini pale sokoni hakusema anajua mimi si mwizi. Neno moja tu.

"Ningesema, wangesema mwalimu anampenda mwanafunzi wake," akajibu. "Hesabu haipendi mtu."

"Na ile Jumamosi, ungechelewa kidogo tu ningefukuzwa. Ulisimama njiani na nani tena?"

Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautia kwenye sufuria, akafuta mikono kwenye leso.

"Sikusimama na mtu," akasema. "Nilikuwa hapa hapa. Niliipiga hesabu yako usiku ule nilipotoka sokoni. Ikakubali. Asubuhi nikaipiga tena. Nikavaa viatu, nikarudi ndani, nikaipiga tena."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Si ulitukataza?"

"Niliwakataza ninyi."

Nilimtazama yule mama mwenye saa mikono miwili. Nilitaka kujua mpaka mwisho.

"Na kama ingekataa?"

Madam alichukua muhogo mwingine. "Ningeipiga tena," akasema. "Mpaka ikubali."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Alipomaliza ule muhogo aliniambia mchana unakwenda, trela linaningoja, na yeye hataki lawama za kuchelewesha watu. Nikamuaga. Nilipopanda kwenye lori nikapiga honi, na sikuiachilia mpaka nilipofika lami, watu wa Namboboto wakatoka mashambani na majembe yao kuangalia ni bwana harusi gani anapita.